Abiria ambaye bado hajanunua pikipiki

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, kituo cha mabasi cha Kimara Mwisho, Dar es Salaam, kimeshajaa. Yupo mwanafunzi mwenye begi lililomzidi mgongo, yupo mlinzi anayetoka lindo, yupo mama mwenye beseni la vitumbua lililofunikwa kitambaa, na vijana wengi waliopiga pasi mashati yao usiku, wote wakitazama upande mmoja. Simama hapo na kipeperushi kinachosema "Acha gari nyumbani, panda basi, tulinde hewa yetu", nawe utakuwa unawaomba watu waache kitu wasichokuwa nacho. Hilo la kupanda basi wanalifanya kila siku, na wengi wamelifanya maisha yao yote.

Nimeanzia hapo kwa sababu mjadala wa usafiri wa umma na hewa safi umetufikia ukiwa umeshonwa kwa vipimo vya miji mingine. Ni miji ambako karibu kila nyumba ina gari, na kazi ya serikali ni kumbembeleza mwenye gari aliache. Dar es Salaam, kama Nairobi au Kampala, watu wengi huenda kwenye shughuli zao kwa mabasi au kwa miguu. Swali letu ni jingine: abiria huyu tuliye naye, tutamshikaje asituponyoke?

Maana kila mwezi wapo wanaoondoka kituoni wasirudi. Mmoja amepata mkopo wa kikundi, akachukua pikipiki. Mwingine amejibana miaka mitatu, akaagiza gari dogo, Toyota IST iliyotumika, kutoka Japani. Jirani yangu mmoja, kijana wa jikoni katika hoteli mjini, ameshaanza kuweka akiba ya pikipiki, yeye nitamrudia. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Hao ni watu milioni moja zaidi katika miaka kumi, na bado wengi wetu tunaingia mjini kwa barabara kuu zile zile: Morogoro, Bagamoyo, Nyerere na Kilwa. Hewa tutakayoivuta miaka kumi ijayo inategemea sana hawa wapya watapanda nini.

Kwanza tuelewane kuhusu uchafu wenyewe. Moshi mweusi tunaouona ndio unaotukera, lakini madhara makubwa zaidi yanaletwa na chembe ambazo jicho haliwezi kuzitenga, zenye upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo. Wataalamu huziita PM2.5. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuliko chembe hiyo mara 20 hadi 30. Vumbi la kawaida hunaswa puani; jioni unapenga kamasi jeusi na mwili umejitetea. Chembe hizi hupita pua, zikapita koo, zikashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huvuka kuingia kwenye damu. Ndiyo maana orodha ya magonjwa yake haiishii kwenye kikohozi na pumu. Imo kiharusi, umo ugonjwa wa moyo, imo saratani ya mapafu, wamo watoto wanaozaliwa na uzito pungufu. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na 2013 hewa chafu ya nje kwa ujumla ikafuata. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kwa chembe hizo, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Makadirio yake ni kwamba hewa chafu, ya nje na ya jikoni pamoja, huua watu karibu milioni 7 kwa mwaka.

Magari si mkosaji pekee, na anayekuambia kwamba ukipanda basi hewa yote itatakata anakudanganya. Upo mkaa wa majumbani, zipo taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, lipo vumbi la barabara za mitaa zisizo na lami, vipo viwanda. Dar es Salaam ina bahati ya bahari, kwani pepo za kusi na kaskazi hutufagilia mji, msaada ambao Nairobi hawana. Lakini moshi wa gari una ubaya wake wa peke yake: unatoka chini, karibu kabisa na usawa wa pua ya mtoto, na unatoka pale pale watu wanapokusanyika. Pembeni ya barabara kuu huwa mzito, kisha hupungua haraka ukiingia ndani ya mtaa mita mia mbili au tatu.

Sasa angalia nani anashinda pembeni ya barabara. Mama lishe na masufuria yake. Machinga wa soksi na chaja. Askari wa trafiki katikati ya makutano. Vijana wa kijiweni wakisubiri abiria wa bodaboda. Konda mlangoni. Na abiria kituoni, nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Wanaochafua kidogo ndio wanaovuta zaidi, na hili linaniuma kuliko takwimu yoyote. Aliye kwenye gari dogo naye asijidhani amesalimika, kwa sababu katika foleni gari lake huvuta hewa mbele ya pua yake, yaani kwenye bomba la moshi la gari lililotangulia.

Je, basi linapunguza uchafu huo kweli? Hapa hesabu ziko mbili, na watu huzichanganya.

Hesabu ya kwanza ni ya mafuta. Tuipige mezani kwa makadirio ya kawaida. Gari dogo katika foleni, tuseme, linakwenda kilomita 10 kwa lita moja. Safari ya kilomita 15 kutoka Kimara hadi mjini italila lita moja na nusu, yaani chupa kubwa ya maji imejaa petroli, kwa mtu mmoja aliyekaa peke yake. Basi refu la mita 18 tulikadirie lita 55 kwa kilomita 100. Safari hiyo hiyo litakunywa lita 8 na kidogo. Likiwa na abiria 100, fungu la kila mmoja ni kama kikombe kimoja cha kahawa ya mtaani. Coaster, yaani basi dogo, inayokunywa lita 3 kwa safari hiyo ikiwa na watu 30 inaangukia karibu hapo hapo. Pikipiki nayo, ikienda kilomita 40 kwa lita, itatumia chini kidogo ya nusu lita kwa mwenye nayo: nafuu kuliko gari, lakini mara nne au tano ya fungu la mtu wa kwenye basi. Hewa ukaa inayopasha dunia joto hufuata lita, kwa hiyo katika hesabu hii basi lililojaa linashinda waziwazi. Nasema lililojaa. Basi hilo hilo saa nane mchana likiwa na watu kumi linampa kila mmoja zaidi ya nusu lita, na pikipiki imelipita.

Hesabu ya pili ni ya masizi, na hii haifuati lita peke yake. Inafuata namna mafuta yanavyoungua na kama kuna kichujio njiani. Injini ya dizeli iliyochoka, nozeli za kupulizia mafuta zimekufa, isiyowahi kuwa na kichujio tangu itoke kiwandani, inaweza kutoa masizi mengi kiasi kwamba hata ukiyagawa kwa abiria wote bado fungu la kila mmoja linazidi la mtu kwenye gari dogo la petroli ambalo mfumo wake wa kusafisha moshi ni mzima. Ukweli huu ni mchungu kwa sisi tunaotetea mabasi, lakini lazima usemwe. Kumhamishia mtu kwenye daladala bovu kunapunguza foleni na hewa ukaa. Mapafu ya mama lishe hakuyasaidii. Magari madogo nayo mengi yameshang'olewa kile kipande kilicho kwenye bomba la moshi, chenye matundu kama masega ya nyuki, kwa sababu ndani yake mna madini ghali, na bodaboda zetu nyingi hazikuwahi kuwa nacho. Basi bovu na pikipiki isiyo na kipande hicho kila kimoja kinatuchafua kwa njia yake.

Kizuri ni kwamba mafuta si kizuizi tena kama zamani. Petroli yenye risasi iliondoka katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kimoja cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Salfa nyingi huharibu vifaa vya kusafisha moshi, ndiyo maana zamani kuleta basi la kisasa kulikuwa kama kumpa mgonjwa dawa na sumu kwenye kijiko kimoja. Sasa mafuta yamesogea, injini nyingi zimebaki nyuma.

Kisha ipo foleni, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa jambo lote. Gari linalosogea mita tatu, likasimama, likaondoka tena, linatumia mafuta mengi kwa kilomita chache na linachoma vibaya. Watu 100 wakigawanyika wawili wawili ni magari 50. Yapange kwenye foleni kwa mita sita kila moja, ni mita 300 za barabara. Hao hao wanaenea kwenye basi moja la mita 18. Kwa hiyo kila anayebaki kwenye basi anaiachia barabara nafasi, na nafasi hiyo inapunguza moshi wa wale ambao hawakupanda basi. Faida yake inawafikia hata wasiolipa nauli.

Tulikwishajibu kwa kupanua barabara. Njia za juu za TAZARA zilifunguliwa 2018, za Ubungo 2021, na Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha ikatanuliwa. Zimesaidia, nami sina ubishi na anayezishukuru. Lakini barabara pana huita magari. Yule aliyekuwa akisitasita kununua IST kwa kuhofia foleni, akiona njia imefunguka ananunua, na baada ya muda foleni inahamia makutano yanayofuata.

Kilichobadilisha hesabu kweli kilikuwa ile njia iliyotengwa katikati ya barabara. Mei 2016 mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ulianza kubeba abiria kwenye njia ya karibu kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya kwenda vituo vya Morocco na Gerezani, kwa kuanzia na mabasi 140. Safari iliyokuwa ikimmezea mtu muda wa hadi saa mbili kila asubuhi ikashuka chini ya saa moja. Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, na wageni wakaja kujifunza. Wanaokumbuka miezi ile watakuambia kwamba hata wenye magari walianza kuyaacha Kimara. Hakuna kampeni ya mazingira iliyowatoa. Waliliona basi likiwapita kasi huku wao wamekwama.

Mambo mawili yalifuata, na yote yana somo kuhusu hewa. La kwanza, daladala zilizoondolewa Barabara ya Morogoro zilipangiwa ruti nyingine. Masizi yalihama mtaa. La pili, mabasi yalipungua kwa ubovu na kwa mafuriko ya bonde la Jangwani, abiria wakaongezeka, na msongamano vituoni ukawa habari ya magazetini mwaka hadi mwaka. Basi lenye kasi lisilokuja ni barabara nzuri iliyo tupu. Ndipo watu walipoanza tena kupiga hesabu za pikipiki.

Wapo wanaosema dawa ni kushusha nauli au kuiondoa kabisa. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ilifuta nauli kwa wakazi wake 2013. Abiria waliongezeka, lakini watafiti walipochunguza waliona kwamba wengi wa hao wapya walikuwa wakitembea kwa miguu hapo kabla. Wenye magari hawakushuka kwa wingi uliotarajiwa. Anayetembea kwa miguu hachafui kitu, hivyo kumpandisha basi si ushindi kwa hewa, ingawa ni ahueni kwake. Nauli ndogo ni haki ya maskini na naitetea kwa sababu hiyo. Kinachomshika mtu mwenye uwezo wa kuchagua ni uhakika: basi linakuja saa ngapi, nitapata pa kusimama, nitafika bila kuibiwa wala kupapaswa.

Uhakika huo unavunjwa wapi? Ingia ndani ya daladala, uulize dereva analipwaje. Kwa kawaida halipwi mshahara. Asubuhi anachukua gari, jioni anampelekea tajiri hesabu, kiasi kilichokwishapangwa. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ni chake na konda. Ukishalielewa hilo, karibu kila kero unayoijua inajieleza yenyewe. Gari linakaa kituoni injini inaunguruma mpaka lijae, kwa sababu kuondoka na viti vitupu ni kula hasara. Likijaa linakimbizana na la mbele, maana la mbele linachukua abiria wake. Saa ya foleni linakatisha ruti, linashusha watu njiani na kugeuza, kwa sababu kwenda hadi mwisho hakulipi. Mwanafunzi anasukumwa mlangoni kwa kuwa nauli yake ni sehemu ndogo ya nauli ya mtu mzima na anajaza nafasi ile ile. Nozeli haibadilishwi kwa sababu pesa ya nozeli inatoka kwenye mfuko ule ule wa hesabu. Ule moshi mweusi unaouona gari likipanda mlima una mzizi kwenye mkataba wa kazi ambao haupo. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi waligoma nchi nzima, na mojawapo ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Wengi tuliuona mgomo ule kama usumbufu. Ulikuwa pia suala la hewa, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Na yule mwanafunzi, nisimwache. Mtoto aliyeachwa kituoni miaka saba ya shule ya msingi na minne ya sekondari, aliyesimamishwa kwenye mvua, akachelewa kipindi cha kwanza, akachapwa kwa kuchelewa, anakua akijua jambo moja kuhusu usafiri wa umma: siku nikipata hela, sirudi humo. Tunamlea mnunuzi wa pikipiki kwa mikono yetu. Anayetaka kuhimiza watu wapande mabasi aanze na huyu, kwa kuhakikisha kwamba dereva hapotezi kitu anapombeba. Tofauti ya nauli inaweza kufidiwa na halmashauri, au dereva akalipwa kwa kilomita alizoendesha badala ya vichwa alivyobeba. Malipo kwa kilomita ndiyo njia inayotumiwa na miji mingi yenye mabasi ya uhakika, kwa sababu basi linaondoka kwa ratiba hata kama viti havijajaa.

Umeme unakuja, nao ni habari njema kwa masizi. Dakar, Senegal, walizindua njia yao ya mabasi ya haraka Desemba 2023, kilomita 18.3, mabasi yote ya umeme. Nairobi, kampuni ya BasiGo imekuwa ikiingiza mabasi ya umeme kwenye ruti za matatu tangu 2022, na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Sisi tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Basi la umeme halitoi moshi kituoni, na likisubiri kwenye foleni halichomi kitu. Bado litatoa vumbi la matairi, na bado litahitaji njia yake, ratiba yake na dereva mwenye mshahara. Basi la umeme lililokwama kwenye foleni na likaachwa na abiria wake litatuacha na pikipiki zile zile.

Nilimwahidi msomaji kumrudia jirani yangu. Kijana huyu anatoka kazini saa nne usiku, saa nyingine saa tano. Jumapili moja nilimkuta anapiga hesabu za pikipiki kwenye daftari, nikaketi naye. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za PM2.5, mapafu na watoto wa mtaa. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Kisha akauliza swali moja: "Kaka, saa tano usiku, pale ninaposhukia, kuna basi la kunifikisha nyumbani?"

Nilimwambia ukweli kwamba siku nyingine lipo, siku nyingine halipo. Akaandika tarakimu nyingine kwenye daftari lake.